Vitabu mchanganyiko vya miezi hii: maoni, mpangilio, na pale wasomaji wanapokwama

Bint Ilala

Wakuu, habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa wanaosoma vitabu vya kila aina, si riwaya tu wala siasa tu. Kundi letu ni la watu wanane, hapa hapa Dar, na mezani tuna hivi: Peponi ya Abdulrazak Gurnah (tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022), Nagona ya Euphrase Kezilahabi, Mzee Rukhsa ya hayati Ali Hassan Mwinyi, Utendi wa Mwana Kupona, na kimoja cha Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Mohamed Said Abdulla.

Maoni yangu kabla ya maswali. Peponi naiweka juu ya vyote. Mtoto Yusuf anatolewa rehani kwa deni la baba yake, na msomaji anajua kilichotokea mapema kuliko Yusuf mwenyewe. Hapo mwandishi hapigi kelele hata kidogo, na ndiyo maana inauma. Mzee Rukhsa lugha yake ni ya mazungumzo, inasomeka upesi, ila mtu akiifunga anabaki na picha ya mzee mkarimu na hana uhakika na mambo yenyewe. Nagona imeligawa kundi: kuna wanaoiona kilele cha riwaya ya Kiswahili, na kuna walioiweka chini kabla ya nusu. Utendi unasomwa kama mawaidha ya ndoa tu, na nahisi tunaupunja.

Ninachoomba ni hiki. Nagona isomwe vipi ili watu wasikimbie? Kumbukumbu za viongozi mnazipima kwa kitu gani? Utendi wa karne ya 19 mtu wa Dar aanzie wapi? Na je, vitabu vya upelelezi vina nafasi kwenye orodha kama hii au ni vya kupitishia foleni tu? Mwenye maoni tofauti na yangu aseme bila kuficha.

Mwalimu wa Ubungo

Dada Bint Ilala, asante kwa uzi huu. Nianze na Nagona kwa kuwa ndiyo inayovunja makundi.

Haifiki kurasa 100, na wembamba wake ndio unaoponza watu. Wanaipangia jioni moja, kama hadithi fupi. Riwaya hii ya 1990 haina msuko wa tukio kuzaa tukio. Msimulizi anatembea, anakutana na watu, wanamwambia neno, anaendelea na safari. Ukiuliza kila ukurasa "kwa nini ameenda kule?" utachoka, maana jibu halipo. Swali linalofaa ni "huyu anayezungumza anasimamia wazo gani, na anambishia nani?"

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mara ya kwanza msomaji aipitie yote kwa vikao viwili vya saa moja na nusu hivi, penseli mkononi, bila kusimama kutafuta maana. Aweke alama tu pembeni kila linaporudi mojawapo ya mambo haya: paa anayewindwa, ngoma kuu, katikati, ukimya. Apumzike siku mbili. Mara ya pili asisome kitabu kizima, asome kurasa zenye alama tu, zote za paa kwa pamoja, kisha zote za ngoma, na kuendelea. Hapo ataona kwamba alama ile ile inabadilika kadiri safari inavyosonga, na mabadiliko hayo ndiyo habari yenyewe. Kwenye kikao, gawaneni: watu wawili kwa alama moja. Kwa watu wanane inatosha kabisa.

Mzingile (1991) isomwe ndani ya mwezi huo huo. Ni pacha wa Nagona. Ikisubiri miezi mitatu watu wanakuwa wamesahau na mnaanza upya.

Ushauri wa pili: kabla ya Nagona, pitieni Kichwamaji (1974). Kazimoto, mhusika mkuu, anauliza maswali yale yale ya maana ya kuishi, lakini anayauliza ndani ya nyumba, kwenye ndoa, kwenye ugomvi na Manase. Msomaji aliyepita hapo anaijua hofu ya Kezilahabi ilipotokea, hivyo haigeuzi Nagona kuwa kitendawili chenye jibu moja. Wengi wanaoiacha njiani wanatafuta jibu hilo moja, kwa kawaida Ujamaa, na wakilikosa wanaona wamedanganywa. Anayetaka Ujamaa wa Kezilahabi asome Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Kule suala la vijiji limewekwa wazi, na msomaji ana kitu cha kushika.

Peponi nakubaliana nawe, ingawa sababu yangu ni nyingine. Ina sura sita. Igawanyeni vikao vitatu, sura mbilimbili. Kikao cha kwanza na cha mwisho havina shida. Shida iko katikati, sura ya tatu na ya nne, msafara unapoingia bara. Majina yanaongezeka, mandhari yanabadilika kila kurasa chache, na msomaji anaanza kurukaruka. Dawa yake ni karatasi moja: chora mstari kutoka pwani, mji wa mlimani kwa Hamid, kisha ziwa, kisha kwa Chatu. Juu ya mstari andika nani yuko wapi: tajiri Aziz anayemshikilia Yusuf, mnyapara Mohammed Abdalla, Simba Mwene, Kalasinga, na Khalil aliyebaki dukani. Dakika kumi tu, na sura hizo zinafunguka.

Kisha fuateni deni. Andikeni nani anamdai nani. Yusuf ameshikwa kwa deni, Khalil ameshikwa kwa deni, Amina vivyo hivyo, na Aziz mwenyewe anakopa ili kuandaa msafara. Ukishaona mnyororo huo, ile bustani nzuri yenye ukuta inasomeka vingine kabisa, na huwezi tena kumwona Aziz kama mtu mbaya wa hadithi. Na kabla ya sura ya tano someni Sura ya Yusuf katika Kurani. Mke wa tajiri, tuhuma, shati lililochanika mgongoni, vyote vimewekwa kwa makusudi. Asiyejua anasoma kisa cha bibi mgonjwa. Anayejua anaona Gurnah amechukua nini na amekataa nini, hasa mwishoni, ambapo Yusuf huyu hapewi hazina ya nchi kuisimamia.

Mwisho huo unakatisha watu tamaa kwa sababu ni wa ghafla. Msiuharakishe. Usomwe ukurasa wa mwisho kwa sauti, mara mbili, kisha mjadili. Na mwenye kusoma Kiingereza aunganishe na Afterlives (2020). Hamza anaanza karibu na pale Yusuf alipoachwa, ingawa majina ni mengine, na mle jeshi la Wajerumani linaonekana kutoka ndani.

Mzee wa Upanga

Salaam kwenu nyote. Mimi nishike upande wa kumbukumbu za viongozi.

Mzee Rukhsa (2021) ni kitabu chenye thamani, na nasema hivyo nikijua udhaifu wake. Thamani yake ni kwamba Rais anasimulia kwa Kiswahili, akiwahutubia watu wake, malezi yake, ualimu wake, na jinsi alivyojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya mauaji yaliyofanyika Shinyanga chini ya wizara yake. Sehemu hiyo isomwe polepole. Waziri anabeba dhamana ya jambo ambalo hakulifanya kwa mkono wake, na kitabu hakipambi.

Udhaifu ni wa aina nzima ya vitabu hivi, si wa Mzee Mwinyi peke yake. Mwenye kumbukumbu anachagua. Anaandika akiwa mzee, wengi aliofanya nao kazi wamefariki au bado wana heshima ya kulindwa. Kwa hiyo msomaji anayesoma kumbukumbu moja tu anapata sauti, hapati historia. Anahitaji mstari wa miaka ulio nje ya kitabu.

Chukueni daftari, gawanyeni ukurasa safu tatu. Safu ya kwanza iwe ya tarehe zisizo na ubishi. Kwa kipindi cha Mwinyi hizi zinatosha: Januari 1984, anakuwa Rais wa Zanzibar baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu. Novemba 1985, Rais wa Muungano. 1986, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Agosti 1990, anapokea uenyekiti wa CCM kutoka kwa Mwalimu Nyerere. Februari 1991, Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. 1991 hadi 1992, Tume ya Jaji Nyalali, na vyama vingi kuruhusiwa Julai 1992. 1993, hoja ya G55, yaani kundi la wabunge 55, ya kutaka Serikali ya Tanganyika. Oktoba 1995, uchaguzi.

Safu ya pili, andika kitabu kinasema nini juu ya kila tukio na ni kurasa ngapi. Hesabu kurasa kweli kweli, usikadirie. Tukio kubwa likipewa aya mbili na safari ya nje ikapewa kurasa tano, hapo umejifunza jambo ambalo mwandishi hakukusudia kukufundisha. Safu ya tatu, andika kitabu kingine kinasema nini juu ya tukio hilo hilo. Bila safu ya tatu zoezi halijakamilika.

Cha kujaza safu ya tatu kipo. Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kitabu chembamba cha Mwalimu kilichochapishwa Harare, kinahusu hasa sakata la G55, na Mwalimu anawataja watu kwa majina na kwa ukali. Ukikisoma sambamba na sura husika ya Mzee Rukhsa unawaona watu wawili waliopendana na kuheshimiana wakiliangalia jambo moja kwa macho tofauti. Cha pili ni wasifu wa Nyerere wa mwaka 2020, Development as Rebellion, wa Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji, juzuu tatu. Ni wa Kiingereza na ni mzito. Kundi lisijaribu juzuu zote kwa mfululizo, watu watapotea baada ya ya kwanza. Anayetaka malezi na fikra za Mwalimu achukue ya kwanza. Anayetaka madaraka, Azimio la Arusha na migongano ndani ya chama aende moja kwa moja ya tatu, ya Shivji. Inasimama peke yake.

Ongezeni kumbukumbu za Mkapa za 2019, My Life, My Purpose. Kwa maoni yangu Mkapa ni mkali kwa wengine kuliko Mwinyi, na pia anajibana zaidi: mauaji ya Pemba ya Januari 2001 anayakubali kuwa doa kwenye urais wake. Mwinyi hana ukurasa wa uchungu wa namna hiyo baada ya ule wa Shinyanga. Hilo nalo ni la kujadiliwa.

Kosa moja la kuepuka: msigeuze kikao kuwa mahakama ya marehemu. Swali liwe "kitabu hiki kinatuonyesha nini na kinanyamaza wapi," si "huyu alikuwa rais mzuri au mbaya." Swali la pili linamalizika kwa vyama, na kitabu kinabaki hakijafunguliwa.

Chausiku wa Temeke

Shikamoo Mzee wa Upanga, hiyo ya safu tatu nimeichukua.

Mimi niutetee upelelezi. Si vya kupitishia foleni. Mohamed Said Abdulla alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, na Bwana Msa na kiko chake hawapigi mtu risasi. Anauliza, ananyamaza, anauliza tena. Fumbo lake mara nyingi liko kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani alificha nini. Ndiyo maana anayesoma bila kuandika majina anapotea. Chora mti wa ukoo kuanzia ukurasa wa kwanza, acha nafasi tupu za baba na mama wasiojulikana, utaona nafasi hizo ndizo zinazojaa mwishoni.

Kwa kundi: simameni kabla ya Bwana Msa hajaanza kueleza. Kila mtu aandike jina la anayemshuku na ushahidi mmoja wenye namba ya ukurasa. Asiye na namba ya ukurasa asihesabiwe. Kisha mmalizie pamoja. Mtagundua kama mwandishi alicheza haki au alificha kadi. Bwana Msa kwa sehemu kubwa anacheza haki.

Anayetaka Dar yenyewe achukue Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula (1965), na anayetaka mbio na bastola aende kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba. Musiba anasomeka kwa siku mbili, lakini hasomeki mara ya pili, kwa sababu ukishajua nani ni adui hakuna kilichobaki. Bwana Msa anarudiwa. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Viwekeni katikati ya vizito viwili, yaani baada ya Nagona, kabla ya kumbukumbu. Mkiweka viwili vya upelelezi mfululizo, kundi litagoma kurudi kwenye vigumu.

Mtunzi wa Mbagala

Bint Ilala umesema kweli, Utendi wa Mwana Kupona unapunjwa. Nieleze kwa urefu kidogo maana hapa ndipo watu wanaogopa bure.

Ni wa mwaka 1858, beti 102, mama anamwusia bintiye Mwana Hashima. Mama huyo alikuwa mgonjwa, na alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siu, kisiwani Pate, mtu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar kwa miaka. Ukiusoma ukiwa na habari hizo mbili, mawaidha ya ndoa yanakaa mahali pake: ni mama anayekaribia kufa, katika mji uliotoka vitani, anamkabidhi mtoto silaha alizonazo. Unaweza usikubaliane na mafundisho yake juu ya mke na mume, na mimi mengine siyakubali, lakini huwezi kuyaita mepesi. Na sehemu kubwa ya mwisho si ndoa tena, ni dua, kwa ajili ya nafsi yake, watoto wake na jamaa zake. Vitabu vya shule vinaponukuu beti za mume na kuacha dua, mwanafunzi anapata nusu ya mama.

Kusoma: msianze na maana, anzeni na mapigo. Kila kipande kina mizani nane, vipande vinne kwa ubeti. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina chake ambacho hakibadiliki utendi mzima. Mtu mmoja asome, wengine wapige meza taratibu kwa kila silabi. Mkifika saba au tisa, ama msomaji amekosea ama chapa imekosea. Angalieni kwanza herufi "m" na "n" zilizo peke yake mbele ya konsonanti. Hizo mara nyingi ni silabi kamili, na msomaji wa Dar anazimeza. Beti kumi kwa kikao cha kwanza zinatosha. Baada ya hapo sikio limekaa na mnaweza kwenda beti 25 hadi 30 kwa mkao mmoja.

Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, kisiwatishe. Sauti chache zikishajulikana, nusu ya ugumu imeondoka: penye "ch" yetu Lamu mara nyingi ni "t" (kitwa, mato), penye "j" mara nyingi ni "y" (moya), na "nch" ni "nt" (nti). Yanayobaki ni maneno ya Kiarabu ya dini, na hayo hata msikitini Kariakoo mtapata wa kuwaeleza. Tafuteni chapa yenye maelezo chini ya ukurasa, si yenye faharasa mwishoni. Kwenda na kurudi mwisho wa kitabu kunaua mapigo.

Na msiusome kimya kimya. Utendi haukutungwa kwa ajili ya macho.

Kijana wa Kimara

Naomba kupingana na Mwalimu wa Ubungo, kwa heshima. Kichwamaji kabla ya Nagona ni mzigo juu ya mzigo. Ni riwaya ya kukata tamaa, Kazimoto anaishia kujiua, na ukiifuatisha na Nagona unawaweka watu gizani miezi miwili. Kama kuna mwanakundi aliyetoka kufiwa, hilo lifikiriwe kabla ya kuchagua.

Mlango mwepesi zaidi ni mashairi yake, Kichomi (1974) na Karibu Ndani (1988). Shairi moja ni ukurasa mmoja au miwili. Msomaji anazoea jinsi Kezilahabi anavyoweka taswira na kuiacha bila kuieleza, na hiyo ndiyo tabia ya Nagona. Mashairi sita, matatu kutoka kila kitabu, kikao kimoja, kisha Nagona. Faida ya ziada ni ubishi wa mashairi huru. Mkiwa mmetoka kupiga meza kwa mizani ya Mwana Kupona, mtaona kwa nini Kichomi kilizua ugomvi mkubwa miaka ya 1970. Vina na mizani havimo, na kuna watu walikataa katakata kukiita ushairi. Hivyo mimi ningetanguliza utendi, halafu Kichomi, halafu Nagona.

Pia naona orodha haina kitabu cha hoja. Wekeni cha Walter Rodney cha 1972, How Europe Underdeveloped Africa, kilichotolewa London na hapa hapa Dar na Tanzania Publishing House, mwandishi akiwa mhadhiri Chuo Kikuu, Mlimani. Kina sura sita. Wengi wanafia sura ya kwanza kwa kuwa ni ya nadharia, maana ya maendeleo na kutoendelea. Anzeni ya pili, Afrika kabla ya Wazungu, mwende hadi ya sita, kisha mrudi ya kwanza. Nadharia itakuwa na mifano ya kushika. Na msiache neno la mwisho la A. M. Babu, mwanasiasa wa Zanzibar. Ni fupi, na linamgeuzia msomaji swali la leo.

Mwalimu wa Ubungo

Kijana wa Kimara, hoja ya mpangilio wa utendi, Kichomi, Nagona naikubali, ni bora kuliko yangu kwa kundi mchanganyiko. Kichwamaji naendelea kuitetea kwa anayesoma peke yake na mwenye muda. Kuhusu Rodney, ongeza tahadhari moja: takwimu zake ni za wakati wake. Kundi lisipoteze kikao kubishania namba za bei za mazao za miaka ya 1950. Mjadili jinsi anavyounganisha sababu na matokeo.

Bint Ilala

Nimeshukuru sana, na Mzee wa Upanga shikamoo. Nimeshaandika mpangilio mpya: utendi, mashairi ya Kezilahabi, Nagona, Bwana Msa, Peponi, kisha Mzee Rukhsa na safu zake tatu.

Bado kuna mambo mawili. La kwanza, vitabu vya zamani tunavipata kwa wauza vitabu vya mitumba wa barabarani, Posta na Kariakoo, na vingine ni nakala za kurudufu. Mtu anagundua kurasa zimepungua akiwa katikati ya kikao. Mnakaguaje pale pale kabla ya kulipa? La pili, tuna wanachama wawili wapya ambao hawajagusa kitabu tangu kidato cha nne. Siwezi kuwaanzishia Kiamu.

Fundi Jalada

Nijibu la kwanza. Vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, na kila mkunjo huwa na kurasa 16 au 32. Kwa hiyo ukurasa ukipotea kiwandani haupotei mmoja, unapotea mkunjo. Usifungue ovyo ovyo. Angalia maungio: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo hadi mwisho. Kitabu cha kurasa 160 unakimaliza kwa dakika moja. Angalia pia kama mkunjo umerudiwa mara mbili au umeingia kichwa chini, hilo nalo hutokea.

Nakala ya kurudufu ni tofauti. Pale hupotea jozi, kurasa mbili zinazotazamana, kwa kuwa aliyerudufu amefunua karatasi mbili kwa pamoja. Hapo hakuna njia ya mkato ila kupitisha kidole gumba kwenye namba zote. Angalia na ukingo wa ndani: kitabu kinene kikibanwa vibaya kwenye mashine, herufi za mwisho wa mstari zinamezwa na mgongo. Kwa riwaya utabahatisha. Kwa utendi umekosa kina, na kitabu hakifai. Na nakala za namna hiyo zinamnyima mwandishi haki yake, kwa hiyo kama toleo halali lipo dukani, nunueni hilo kwa kuchangishana. Visivyochapwa tena, nendeni Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mkasomee pale pale.

Gundi: fungua katikati polepole, sikiliza. Kikilia na ukaona mstari mweupe kwenye mgongo wa ndani, gundi imekauka na kurasa zitaanza kutoka. Kilichoshonwa kwa uzi utaona uzi katikati ya kila mkunjo. Hicho chukua hata kama jalada limechakaa, jalada linabadilishika.

Ukungu wa Dar ni adui wa kweli, hasa masika. Kitabu chenye ukungu usikifute kwa kitambaa kibichi, unausukuma ndani ya karatasi. Kiache kikauke kivulini penye upepo siku mbili tatu, kisha pangusa kwa brashi laini nje ya nyumba, pua imefunikwa. Jua kali lisikiguse: karatasi ya bei nafuu inageuka njano na kukatika. Kama kina wadudu, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza wiki mbili, na ukikitoa usifungue mfuko hadi kipate joto la chumba, la sivyo unyevu utakaa juu ya karatasi. Kwenye rafu, acha upana wa vidole viwili kati ya vitabu na ukuta.

Chausiku wa Temeke

Kwa wanachama wapya: Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Ni fupi na imejigawa yenyewe. Karama anashitakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Watu sita, kila mmoja mjumbe mmoja. Wale wawili wapya wapewe Buruhani na Fadhili, maana wako mwanzo na hawahitaji kusubiri. Kila mtu asome habari ya mjumbe wake mara mbili na aje na majibu matatu: alileta nini, alilipwa nini, na nani baraza lilimwogopa. Wawili wanaobaki, mmoja awe Majivuno anayeshitaki, mwingine Karama. Pangieni saa mbili, na mashitaka ya mwanzo yasomwe kwa sauti kabla mjumbe wa kwanza hajaanza, kwa sababu bila hayo wapya hawatajua hadithi zote sita zinajibu nini.